Kuanzisha na kuendesha ofisi ya pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayefikiria kufungua ofisi ya pamoja, au aliyekwisha kufungua na sasa anahangaika isimame. Maswali yamepangwa jinsi yanavyokuja: ya mwanzo huulizwa na mtu mwenye wazo tu, ya mwisho na mtu mwenye wanachama na kichwa kinachomuuma. Mwenye haraka asome la mkataba wa pango na la kelele. Kodi ndiyo inayofunga milango, na kelele ndiyo inayohamisha watu.

Ofisi ya pamoja ni nini, na inatofautiana vipi na vyumba vya ofisi vya kupangisha?

Ni mahali ambapo watu wasio na mwajiri mmoja wanachangia kulipia sehemu moja ya kufanyia kazi: meza, intaneti, chumba cha mikutano, jiko, pamoja na kuwa karibu na watu wengine wanaofanya kazi. Biashara ya kupangisha vyumba vya ofisi vilivyokwisha kuwekwa samani ni kongwe zaidi. Regus, kwa mfano, ilianza Brussels mwaka 1989. Kule mteja anapewa mlango wake na ufunguo wake, na anaweza kumaliza mwaka bila kujua jina la anayekaa upande wa pili wa ukuta.

Mtindo tunaouzungumzia hapa ulipata umbo lake San Francisco. Tarehe 9 Agosti 2005 mtengeneza programu Brad Neuberg alipanga meza chache ndani ya nyumba iliyoitwa Spiral Muse, siku mbili kwa wiki. Alitaka uhuru wa mtu aliyejiajiri bila ule upweke unaoandamana nao. Mwezi wa kwanza hakuja mtu hata mmoja. Kumbuka hilo utakapokuwa umekaa peke yako wiki ya pili, meza zote zimefutwa vumbi na mlango haufunguliwi.

Nianze na jengo au nianze na watu?

Watu. Ni jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia, kwa kuwa jengo linaonekana, linapigwa picha, na linampa mtu hisia kwamba ameanza. Lakini jengo tupu linadai kodi kila mwezi, wakati watu ishirini wanaokutana mara moja kwa wiki kwenye meza za kuazima hawadai kitu. Wakishazoeana wanakuambia wenyewe wanachohitaji: nani anataka kimya, nani anapokea wateja, nani anakuja na mtoto baada ya shule, nani anafanya kazi usiku. Ukichora ramani ya ofisi kabla ya kujua hayo, unakisia.

Indy Hall ya Philadelphia ni mfano mzuri. Alex Hillman na Geoff DiMasi waliwakusanya watu kwanza, wakawa wanakutana na kufanya kazi pamoja huku na huko, na ofisi ilipofunguliwa mwaka 2007 ilifunguliwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanajuana tayari. Siku ya kwanza haikuwa na ile aibu ya wageni kutazamana.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki: usitie saini mkataba wa pango mpaka ada zilizokwisha kulipwa zifikie angalau nusu ya gharama zako za mwezi. Nimesema zilizolipwa. Kila mwenye wazo hili ameambiwa na watu thelathini "ukifungua tu, mimi wa kwanza". Waombe hao thelathini waweke amana ndogo, itakayorudishwa kama hukufungua kufikia tarehe fulani, kisha uhesabu waliobaki. Hao ndio wanachama wako. Wengine ni marafiki, nao wana umuhimu wao, ila hawalipi umeme.

Hao watu wa mwanzo nitawapata wapi?

Tafuta wanaofanya kazi peke yao na wamechoka: waandishi, wahasibu wa kujitegemea, wachora ramani, wafasiri, watengeneza programu, walimu wa mtandaoni, mawakili wanaoanza. Chagua siku moja ya wiki na saa zile zile, na usiibadilishe. Mkutane popote penye meza, soketi na mtu asiyewafukuza. Ratiba isiwe na chochote: watu wafanye kazi zao, wale pamoja mchana, waondoke. Kishawishi cha kuweka hotuba na mabango kipo, ukishinde. Unapima jambo moja tu, kama watu watarudi wiki ijayo bila kubembelezwa.

Changanya fani. Kundi la watengeneza programu watupu litakuwa na mazungumzo mazuri, ila hakuna atakayemnunulia mwenzake huduma, maana wote wanauza kitu kimoja.

Ninahitaji eneo la ukubwa gani?

Dogo kuliko unavyofikiri. Tuchukue ukumbi wa mita za mraba 120. Toa sehemu ya njia za kupita, jiko, vyoo, chumba kimoja cha mikutano na vibanda viwili vya simu. Mara nyingi hivyo vinameza zaidi ya theluthi. Zinabaki kama mita za mraba 75. Ukimpa kila mtu mita 4, pamoja na kiti chake na nafasi ya kukisukuma nyuma, unapata meza 18. Unaweza kubana zikafika 24, lakini mtu atakayegonga kiwiko cha jirani kila akigeuka hatasema kitu, atahama tu.

Umbali nao una kazi yake. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, alipima mawasiliano ya wahandisi katika maabara, akaonyesha mwaka 1977 kwamba uwezekano wa watu wawili kuongea kuhusu kazi unashuka kwa kasi meza zao zikiachana, na kufikia mita 50 hivi unakuwa umekwisha kuporomoka. Kwa hiyo ofisi kubwa ya ghorofa tatu haikupi jumuiya mara tatu. Inakupa jumuiya tatu ndogo zinazosalimiana kwenye ngazi.

Hesabu yenyewe inakaaje?

Tuendelee na meza zetu 18, tusitaje fedha ya nchi yoyote. Ada ya mwanachama wa meza huria, yule anayekaa popote palipo wazi, tuiite fungu moja. Mwenye meza ya kudumu analipa mafungu mawili.

Weka meza 8 za kudumu: mafungu 16. Zimebaki meza 10 za huria, ambazo kwa wiki ya siku tano ni nafasi 50. Mwanachama wa kawaida wa meza huria haji kila siku. Tuseme anakuja siku mbili. Kwa karatasi unaweza kuandikisha watu 25. Usifanye hivyo. Watu hawajigawi sawasawa: katikati ya wiki wanajaa, Ijumaa wanapungua. Andikisha kama 18, ili siku ya msongamano asikosekane mtu mahali pa kukaa. Jumla yako ya juu kabisa ni mafungu 34.

Sasa jumlisha kodi ya pango, mshahara wa mratibu, umeme, intaneti, usafi, bima, matengenezo, na akiba ya vitu vitakavyoharibika. Zikifika mafungu 30, maana yake ofisi yako lazima ijae kwa asilimia 88 ndipo usipate hasara. Hiyo ni hesabu ya kukosa usingizi, kwa sababu wenye meza za kudumu watatu wakihama mwezi mmoja uko kwenye shimo. Zikiwa mafungu 22, unahitaji asilimia 65 na unaweza kupumua. Kama ziko 30, una njia tatu tu: pango la bei nafuu, ada ya juu, au mapato yasiyotokana na meza.

Mapato hayo ya pembeni yasidharauliwe. Chumba cha mikutano kinachokodishwa kwa saa kwa watu wa nje, ukumbi unaokodishwa jioni na mwisho wa wiki, anwani ya biashara kwa kampuni isiyohitaji meza. Meza unaiuza mchana pekee. Ukumbi ule ule jioni ni bidhaa nyingine, na kodi yake umekwisha kuilipa.

Mkataba wa pango uweje?

Hapa ndipo kiini cha hatari ya biashara hii kilipo. Wewe unamwahidi mwenye jengo miaka, wanachama wako wanakuahidi mwezi. Mambo yakiwa mazuri huoni tofauti. Yakiharibika, wanachama wanaondoka kwa notisi ya siku 30 na wewe unabaki na deni la miaka. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja iliyoanzishwa New York mwaka 2010, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47 mapema mwaka 2019. Novemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mzigo mkubwa ulikuwa mikataba ya pango. Miaka ishirini kabla, mwaka 2003, kampuni tanzu ya Regus nchini Marekani ilipita njia hiyo hiyo baada ya kampuni za intaneti kuanguka. Kama wakubwa hao walibanwa na tofauti hii ya muda, mwenye meza 18 asijidanganye.

Zungumza na mwenye jengo kabla hujapaka rangi. Omba miezi ya mwanzo bila kodi wakati unatengeneza. Omba haki ya kuvunja mkataba baada ya mwaka mmoja au miwili. Hakikisha kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kuwapa watu wengine nafasi ndani ya pango lako, maana mikataba mingi inakataza kabisa, na siku mwenye jengo akitaka kukutoa ndiyo sentensi atakayoitafuta. Uliza nani anatengeneza paa, pampu ya maji na mfumo wa umeme. Uliza jengo linafungwa saa ngapi, na lifti inazimwa lini.

Bora kuliko yote, kama mwenye jengo ana ukumbi uliokaa tupu muda mrefu, mshawishi mgawane mapato badala ya kodi ya kudumu. Atapata kidogo mwezi mbaya, zaidi mwezi mzuri, na wewe hutafilisika ukisubiri watu.

Ada nizipange vipi?

Aina tatu zinatosha: meza huria kwa siku kadhaa za mwezi, meza huria bila kikomo, na meza ya kudumu. Ukiongeza za asubuhi, za jioni, za wanafunzi na za wikendi, mratibu atageuka karani wa kukagua nani ana haki ya kukaa saa hii.

Siku ya majaribio iwe bure, na iwe moja. Punguzo kwa waanzilishi ni haki yao, ila liandike na mwisho wake. Punguzo lisilo na tarehe linazaa ugomvi mwaka wa tatu, pale mwanachama mpya anapogundua jirani yake analipa nusu.

Intaneti ya kasi gani?

Swali hili hujibiwa na muuzaji kwa namba kubwa ya kupakua, na hiyo siyo inayokukwamisha. Simu ya video inahitaji kati ya megabiti 1 na 4 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Watu 15 wakiwa kwenye mikutano kwa wakati mmoja, unaweza kuhitaji hadi megabiti 60 za kupakia, na vifurushi vingi vinatoa kasi ndogo sana upande huo. Uliza kasi ya kupakia kwanza.

Weka laini mbili kutoka kwa watoa huduma wawili, na uchunguze kama wa pili hanunui kwa wa kwanza, au kama kebo zote hazipiti mtaro mmoja. Zikipita pamoja, mchimba barabara mmoja anazikata zote kwa sululu moja.

Malalamiko ya "intaneti iko chini" mara nyingi ni malalamiko ya waifai. Ruta moja ya nyumbani haiwezi kubeba watu thelathini wenye laptopu na simu. Tumia vituo kadhaa vya waifai vilivyounganishwa kwa kebo, watu wasukume kwenye masafa ya 5 GHz, na kwenye 2.4 GHz utumie chaneli 1, 6 na 11 tu, ambazo haziingiliani. Vuta kebo hadi kwenye meza za kudumu. Mtandao wa wageni utenganishwe na wa wanachama, na kifaa cha mwanachama mmoja kisiweze kuona mafaili ya mwingine. Mahali umeme unapokatika, ruta na vituo vya waifai viwe vya kwanza kupata betri, kabla ya taa.

Samani na vifaa: nitumie pesa wapi na nibane wapi?

Tumia kwenye viti, mwanga, hewa na soketi. Bana kwenye kila kitu kingine. Meza ni ubao na miguu. Kiti kibaya ni mgongo wa mtu. Kwa kazi ya kusoma na kuandika viwango vya Ulaya vinataka mwanga wa luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya meza, na simu yako inaweza kukupa makadirio. Kila meza iwe na soketi mbili zinazofikika bila kutambaa chini.

Hewa husahaulika kwa kuwa haionekani kwenye picha. Nje, hewa ina kabonidioksaidi ya sehemu 420 na zaidi kidogo kwa milioni. Chumba kilichojaa watu na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi hupita 1,000 upesi, na wataalamu wengi huchukulia kiwango hicho kuwa dalili ya hewa isiyobadilishwa vya kutosha. Kipimo chake si ghali. Kiweke kwenye chumba cha mikutano, utaelewa kwa nini kikao cha saa nane mchana kila mtu anapiga miayo.

Printa moja inatosha. Itawapa watu wako kitu cha kulalamikia pamoja.

Kelele nizidhibiti vipi?

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Saa nne asubuhi, ukumbi umetulia. Simu ya mtu wa meza ya dirishani inaita. Anaipokea kwa sauti ya chini, "niko ofisini, sema haraka." Dakika ya pili amesahau kuwa yuko ofisini. Dakika ya tatu amesimama na anatembea katikati ya meza, mkono mmoja mfukoni. Dakika ya tano watu wanane wanajua mteja wake anadaiwa kiasi gani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika mstari.

Wanachoshindwa kukipuuza ni maneno, hasa ya upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2010 majaribio yaliyoonyesha kwamba kusikia nusu ya mazungumzo kunavuruga umakini kuliko kuyasikia yote, kwa sababu akili inajaribu kubashiri nusu isiyosikika. Ndiyo maana mvumo wa feni au wa ukumbi wa watu wengi humwacha mtu akifanya kazi, na simu moja ya jirani inamshinda.

Basi jenga vibanda vya simu kabla ya kununua sofa. Kwa watu 30 hivi anza na viwili au vitatu, viwe na feni ndani, maana kisicho na hewa kitageuka stoo ya mafagio. Gawa ukumbi: upande wa kimya usio na simu kabisa, upande wa maongezi karibu na jiko. Weka mazulia, mapazia mazito, rafu za vitabu. Ukuta mtupu na sakafu ya vigae hurudisha kila neno. Halafu mratibu awe na ujasiri wa kumfuata mtu na kumwonyesha kibanda kwa mkono, bila neno na bila kisirani, siku ya kwanza kabisa anapokosea. Ukiacha mara tano, ya sita itakuwa ugomvi.

Na mwenye kazi ya kupiga simu kutwa nzima? Mwambie ukweli kabla hajalipa: ukumbi huu haumfai, labda chumba kidogo cha peke yake. Kumkataa mteja kwa namna hii kunauma mwezi huo tu.

Kanuni ziwe ngapi, na nani azitunge?

Chache kiasi cha kutosha ukurasa mmoja, na watumiaji wawe na sauti katika kuzitunga. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaomiliki kwa pamoja malisho, misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi, akaona kwamba zile jumuiya zilizodumu zilikuwa na mambo yanayofanana: mipaka ya nani ni mwanachama, kanuni zinazoendana na hali ya mahali, watumiaji kushiriki kuzibadili, adhabu zinazoanza ndogo na kupanda, na njia rahisi ya kusuluhisha ugomvi. Jiko la ofisi nalo ni mali ya wote inayoweza kuharibiwa na wachache.

Adhabu za kupanda ndizo husahaulika zaidi. Wengi wana hatua mbili tu: kununa kimya kimya, kisha kumfukuza mtu. Weka za katikati. Kwanza neno la faragha, pili ujumbe wa maandishi, tatu kusimamishwa kwa muda, ndipo kuondoka.

Usibandike karatasi za "TAFADHALI OSHA KIKOMBE CHAKO" kila ukuta. Anayeosha hazihitaji, asiyeosha hazisomi, na mgeni anazisoma zote na kujua nyumba ina ugomvi.

Mratibu anafanya nini kutwa?

Wengi wanaajiri mtu wa mapokezi, kisha wanashangaa kwa nini jumuiya haijatokea. Kazi ya mratibu, ukiondoa funguo na ankara, ni kujua nani anafanya nini na kuwaunganisha kwa sababu maalumu.

Anaingia mwanachama mpya, mhasibu. Mratibu asiye na habari anampitisha ukumbini: "Jamani, huyu ni mwenzetu mpya." Watu wanapunga mkono, wanarudi kwenye kompyuta, yameisha. Mratibu anayeijua kazi anamngojea anywe maji, anampeleka hadi meza moja tu: "Dada, wiki iliyopita ulikuwa unalia na ritani zako za mapato. Huyu kaka ndiyo kazi yake. Naye anatafuta mtu wa kumchorea nembo." Anawaacha hapo na kuondoka. Siku tatu za kwanza apate mtu mmoja hivi kila siku, na siku ya kwanza asiachwe ale peke yake. Mwanachama ambaye mwezi wa kwanza hajajua majina matano yuko mlangoni tayari, hata kama ada amelipa.

Mratibu pia aone asiyekuja. Mtu aliyezoea kuja mara tatu kwa wiki na sasa haji kabisa atasitisha uanachama mwezi ujao. Ujumbe mfupi wa "hatujakuona, uko salama?" unatumwa kwa sababu ya utu kwanza, na wakati mwingine ndipo unapogundua kwamba kilichomkimbiza ni kiti kinachogeuka upande.

Mlipe vizuri. Mratibu akiondoka anaondoka na nusu ya mahusiano ya ofisi.

Matukio yawe mangapi?

Machache yanayojirudia kuliko mengi ya kishindo. Mlo wa pamoja wa mchana siku moja ya wiki unajenga zaidi ya tamasha la mara moja kwa mwaka. Jambo linalofaa pia ni saa moja ya "nimekwama": mtu anaeleza tatizo la kazi kwa dakika tano, wengine wanamsaidia. Tukio likikosa watu mara tatu, lizikwe bila msiba. Na yakifanyika saa za kazi ukumbini, umewauzia watu kimya halafu umewanyang'anya.

Kundi la WhatsApp linafaa?

Ndiyo, mkiligawa: moja la matangazo ambalo wasimamizi pekee wanaandika, lingine la soga kwa wanaotaka. Likiwa moja, taarifa ya kukatika kwa maji itazikwa chini ya salamu za asubuhi na picha za maua.

Mwanachama akichelewa kulipa?

Ada ilipwe mwanzoni mwa mwezi, kabla ya kutumia. Akichelewa, mkumbushe siku ya pili, zungumza naye siku ya saba, simamisha kadi ya mlango siku ya kumi na tano. Anayepita kipindi kigumu na akakwambia mapema, mpangie malipo ya awamu au mshushe daraja la ada kwa muda, mwandikiane. Usikubali kulipwa kwa kazi, kama vile kutengenezewa tovuti badala ya ada, isipokuwa kazi hiyo ungeinunua kwa fedha taslimu mwezi huo huo. Vinginevyo utakuwa na tovuti tatu na bili ya umeme.

Kukitokea unyanyasaji?

Hapa zile hatua za kupanda hazitumiki. Kauli chafu za kingono, vitisho, kumfuatafuata mtu, wizi: mhusika anasimamishwa siku hiyo hiyo wakati mnachunguza, hata kama ndiye mwanachama anayelipa zaidi na hata kama ni rafiki yako. Andika utaratibu huu kwenye makubaliano ya uanachama kabla haujahitajika, na utaje watu wawili wanaoweza kupokea malalamiko, wasiwe wa jinsia moja wala wa familia moja. Jambo la jinai lipelekwe polisi kwa uamuzi wa aliyetendewa na kwa mujibu wa sheria za nchi yenu. Mwanamke mmoja akiondoka kimya, wanaomfuata kimya ni wengi, na wewe utabaki ukijiuliza kwa nini ukumbi umejaa wanaume.

Makubaliano ya uanachama yaseme nini?

Yawe ruhusa ya kutumia mahali, yasiwe upangaji wa chumba. Sheria za upangaji zinaleta haki na taratibu nyingine, kwa hiyo mwonyeshe wakili rasimu yako. Yataje ada na notisi ya kuondoka, nani anabeba hasara ya laptopu ikiibiwa, saa za kuingia, wageni, matumizi ya anwani, na taarifa gani za watu unazitunza. Kama unatoa huduma ya anwani, hakiki utambulisho wa kila kampuni: matapeli hupenda anwani nzuri, na barua za wadai wao zitafika kwako.

Chukua bima ya moto, ya wizi, na ya mtu kuumia ndani ya jengo. Kamera za mlangoni sawa. Kamera zinazotazama skrini za watu, hapana.

Kampuni moja inataka meza kumi kwa mpigo. Nikubali?

Kwa meza 18, ni jaribu kubwa: mapato ya uhakika, ankara moja, mazungumzo yameisha. Lakini timu ya watu kumi inakuja na wakubwa wake, utani wake na vikao vyake, na wale wengine wanane watajiona wamepanga kwenye ofisi ya wenyewe. Kisha siku kampuni ikihama, inahama na zaidi ya nusu ya mapato. Usimruhusu mteja mmoja kupita robo ya meza. Ukilazimika kumpa zaidi, notisi yake iwe ndefu, miezi mitatu au zaidi, na timu ikae sehemu yake yenye mlango.

Iwe kampuni, ushirika au shirika lisilo la faida?

Ushirika unafaa pale watu wa mwanzo wamekaa pamoja muda wa kutosha na wako tayari kwenda vikao. Unawapa sauti na unagawa hasara. Kampuni inaamua haraka. Shirika lisilo la faida linaweza kupata ruzuku, na ruzuku ikiisha, ofisi iliyozoea kutotoza watu inajikuta haijui bei ya meza yake. Aina yoyote utakayochagua, wanachama waonyeshwe hesabu kwa muhtasari mara moja kwa robo mwaka. Wakijua kodi ni kiasi gani, siku ya kupandisha ada maelezo yako yatakuwa mafupi.

Tumejaa na watu wanasubiri. Nifungue tawi la pili?

Kwanza pandisha ada kwa wanaojiunga sasa, uone orodha ya wanaosubiri inabaki na wangapi. Pili, angalia kama tawi la kwanza linaweza kuendeshwa mwezi mzima bila wewe kuonekana. Kama haliwezi, wewe ndiye mratibu, na mtu mmoja hawezi kula chakula cha mchana sehemu mbili. Tatu, usihamishe nusu ya wanachama wa zamani ili "wakachangamshe" kule kupya. Utapata mahali pawili penye baridi. Wanaosubiri waanze kukutana siku moja ya wiki kwenye meza za kuazima karibu na mahali unapopafikiria, na mratibu wao awe mmoja wao. Wakiweka amana, tafuteni jengo.